Noti Sita za Kumzika Mzee Tarver

Benchi letu liko mbele ya saluni ya kinyozi iliyofungwa, huku kwetu Mississippi. Pamba imeshavunwa, mashamba yamebaki vijiti vitupu, na mvua haijaamua kama inanyesha. Tupo watatu: Kambale, muuza samaki wa kukaanga, Shemasi, ambaye kanisani huingia nyuma ya jeneza tu, na mimi Radi, mpiga gitaa hodari kuliko wote kaunti hii. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Jumamosi tunamzika Mzee Tarver. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga bluzi, muziki wetu wa huzuni, makaburini, na kila marehemu alimtungia ya kwake palepale, wala hakuirudia. Sasa marehemu ni yeye, na bintiye kanikabidhi gitaa lake.

— Sikieni hii, nikasema. Nikaipandisha skeli ya bluzi, ile ngazi ya sauti, noti zote sita, nikaishusha, vidole havionekani kwa kasi. Nimejifunza kwenye simu, bila mwalimu.

— Mbona kama mtu anakimbizwa na mbwa kwenye ngazi? akauliza Kambale.

— Wivu huo, mzee.

— Wivu wa nini, dogo? Tarver alikuwa na ile noti ya katikati, ile chungu. Hakuigonga. Aliuvuta uzi wa gitaa polepole mpaka noti ilie kama mtu. Siri ni hiyo.

— Siri ni kidole chake, Shemasi akadakia. Mashine ya pamba ilikivunja, kikaunga kombo. Vya Radi vimenyooka mno.

— Kwa hiyo nijivunje?

— Sijasema. Ila Jumamosi bado.

— Acheni hizo, Kambale akasema. Alitia mkia wa nyoka ndani ya gitaa. Ule mkavu wa yule nyoka njuga, unaolia ukitikiswa.

Nikalitikisa. Kitu kikalia humo, kikavu. Tukatazamana.

— Basi huyo nyoka alimuuma, Shemasi akasema, sumu ikabaki vidoleni. Miaka yote alikuwa anatulisha kidogokidogo. Ndiyo maana tulilia vile.

Kambale akamimina kahawa, akachelewa kunywa.

— Siku tunamzika mama yangu, Tarver alimpigia vilevile mama alivyokuwa akiita kuku. Sauti ileile. Niligeuka nyuma kumtafuta.

Hapo ndipo tukamwona Dada Odessa, binti wa marehemu, amesimama kwenye kona na koti lake la Chicago.

— Unajua kupiga, Radi, akasema.

— Najua sana, dada.

— Kesho kutwa utampigia baba. Mimi nililelewa kwa mama, sikumjua. Nyie mmekaa naye hapa. Alikuwa anachekaje?

Shemasi akaitazama ile ncha ya benchi aliyokuwa akikaa Tarver, kimya, akitusikiliza tunavyopayuka.

Kambale akainamisha chupa ya kahawa. Halikutoka hata tone.

Nikaweka kidole kwenye uzi. Noti sita zote nazijua, kicheko chake sikijui. Nikaondoa kidole.