Sauti Inayoishia Kwenye Reli

Duka la tofu la akina Kyohei limefungwa tangu baba yake alazwe, lakini benchi la nje halijapata mapumziko. Jioni tunajaa pale, kila mtu na kopo lake la kahawa ya moto kutoka kwenye ile mashine ya pembeni, tunabishana. Siku hizi hapa Tokyo kila mtaa una kiredio chake cha kutangazia. Chetu kiko ghorofani kwa Kyohei: kimtambo cha kutosha kiganjani, na antena ni ufito wa kuanikia nguo. Sheria inataka sauti iishie mtaani, na yetu inatii mno. Ikifika relini inakata, na hospitali iko ng'ambo.

Kyohei alipokataa kurithi duka, mzee alimwambia asimwonyeshe tena uso wake. Hawajasemezana tangu siku ile. Sasa kila jioni anamwomba radhi hewani. Sisi tunamsikia, majirani wanamsikia, baba mtu hasikii. Inaniuma, sifichi.

Wati, ambaye kwake dawa ya kila kitu ni nguvu, aliwahi kufunga ampilifaya. Kilio cha Kyohei kikatokea kwenye televisheni za watu katikati ya mieleka ya sumo. Walitujia na hasira, tukazima.

— Ile ilikuwa ndogo, Wati akashikilia. Kubwa inaziruka televisheni zote.

— Inaruka, ni panzi? akamdaka Nguzo, ambaye imani yake yeye ni urefu. Ampilifaya inakuza mpaka mikwaruzo. Pandisha antena, bwana.

— Nyaya za treni zitaimeza sauti, Wati akamjibu.

— Basi hizo hizo nyaya za treni ndizo ziwe antena. Tutasikika mpaka Osaka!

Nikawaambia tufunge antena ya televisheni, ile yenye miiba kama ya samaki, tuielekeze hospitalini peke yake. Wakanicheka. Kyohei hakucheka, alikuwa anasikiliza kila upuuzi kama mtu anayesomewa hukumu.

Dada mmoja, sare ya uuguzi ikichungulia chini ya koti, alikuwa anachukua kahawa mashineni. Alikuwa ametusikia, akauliza ni mgonjwa gani huyo tunayemtafuta. Tulipomtaja, akasema anamjua, yeye ndiye anayembadilishia betri za redio. Kuna jirani alimpenyezea mzee habari kwamba mwanawe anamsemesha hewani. Basi kila jioni mzee anaiweka redio sikioni, inakwaruza tu, na ukitaka kuizima anakushika mkono.

Halafu akamgeukia Kyohei, kwa upole tu:

— Saa ya kuona wagonjwa haijaisha. Mimi nimetoka huko sasa hivi kwa miguu. Mbona huendi?

Wati akajifanya anakunywa kopo tupu. Nguzo akaangalia viatu vyake. Dada wa watu akatuinamia kwa adabu, akavuka reli akarudi kazini.

Kyohei alimtazama mpaka akapotea.

— Wati, akasema, hiyo ampilifaya kubwa inaweza kupatikana lini?