Kiti cha Dereva

Nilikuwa kwenye basi nikirudi shule ya bweni, nimefumba macho nusu kwa heshima zote za mtu anayesikiliza yasiyomhusu. Mbele yangu mama mmoja aliziona kucha za jirani yake zimejaa oili, akamuuliza, "Samahani, wewe ni fundi magari? Gari ndogo ya saluni ya miaka ishirini na mbili, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, inaweza kuishi miaka mingapi tena?"

"Imetembea kiasi gani?"

"Kilomita laki tatu."

"Mbona bado kijana! Badilisha oili kwa wakati, mama, itatuzika sote."

"Mwenyewe imeshamzika," akasema mama. "Mume wangu. Miezi minane sasa. Kila asubuhi naiwasha dakika kumi, kisha naizima."

Fundi alivua kofia. Mimi, ambaye bwenini nasifika kwa kucheka pasipochekwa, nilikosa hata tabasamu.

"Pole sana, mama. Lakini gari haliuawi na safari, linauawa na kusimama. Breki zinashika kutu, matairi yanapasuka. Iendeshe, hata hadi sokoni tu. Kuendesha si unajua?"

"Najua. Ila yeye alikuwa mrefu kama mlingoti. Miguu yangu haifiki. Itabidi nivute kiti mbele."

"Si kuna kishikio hapo chini?"

"Nakijua kilipo, mwanangu. Kiti kile alikiweka yeye pale kilipo."

"Basi mpe mtu mrefu akuendeshee."

"Akae pale nani?"

Basi lilisimama. Kondakta akamkumbusha fundi kwamba kituo chake ni hapo. Fundi hakuinuka.