Mbao au Mpira

Marhoon: Haloo! Haloo, Harub! Ukinikatia simu tena, mie nnakurudishia mfuko wako kama nlivyoupokea!

Harub: Nani kakukatia? Mtandao huo wa vichochoroni Matrah. Nshakwambia mbao. Mbao, Marhoon! Neno moja tu.

Marhoon: Na mie jirani yako nshakwambia mpira. Fundi wa majambia kaweka mipini yote miwili ya bastola mezani, ananitizama kama nimemkosea. Adhana imekaribia, anataka kufunga duka.

Harub: Basi mpe jibu langu, si lako. Bastola ya nani?

Marhoon: Yako.

Harub: Ya marehemu baba yangu, Hamood. Kaishika kwa mpini wa mbao, na mie nimeishika kwa mpini wa mbao. Alkhamisi Bashayer wangu anaolewa, wanaume wamejipanga kwenye ngoma ya razha, mapanga yanametameta huku na huku, halafu baba wa bi harusi kashika mpira mweusi kama usukani wa baiskeli?

Marhoon: Nani atauona? Vidole vinaufunika wote!

Harub: Mie ntauona.

Marhoon: Yakhe, mbao inateleza. Fundi mwenyewe... [mkwaruzo] ...anasema mpira unakamata. Hata mkono ukiwa na jasho, hata ukiwa—

Harub: Ukiwa nini?

Marhoon: Na jasho. Nimesema jasho.

Harub: Mwezi huu hakuna joto.

Marhoon: Haya, huu mpini wa zamani umepasukaje?

Harub: Bastola ilianguka kabatini.

Marhoon: Kabatini! Si nlikuwepo mie harusi ya jirani yetu Khalil? Si nlisimama ubavuni pako ilipokuponyoka mkononi? Kabati gani hilo lenye ngoma ndani?

Harub: Unatafuta nini, Marhoon? Ukanitangaze? Mdomo wako huo Ansab nzima wanaujua.

Marhoon: Ningetaka kukutangaza ningekuwa nshamaliza zamani! Nliwaambia watu mie ndo nlokupiga kikumbo. Rafiki yetu Taimur mpaka leo ananiita ng'ombe.

Harub: [anakohoa] Sikukutuma useme.

Marhoon: Hukunituma. Hunialiki tena, hunifungulii mlango. Nyumba yenu ile zamani, wakati wa chakula cha mchana mtu hajui pa kuvulia viatu kwa wingi wa wageni! Sasa nikibisha, "Bwana kalala." Nikirudi Alasiri, "Bwana kalala." Mkeo Bi Mahbuba anazungumza na mie kwenye upenyo wa mlango kama mie muuza mazulia. Mke wangu Mastura kanuna, anahisi labda yeye ndo kateleza ulimi.

Harub: Mastura hana kosa.

Marhoon: Basi kosa la nani?

Harub: Haloo? Haloo? Sikusikii.

Marhoon: Unanisikia vizuri sana!

Harub: Fundi bado yupo?

Marhoon: Anazima feni.

Harub: Kwani weye umedhani nimekutuma kwa nini? Gari si liko hapo uani? Jambia langu nnalipeleka mwenyewe miaka yote, nnakaa na fundi, nnakunywa kahawa yake.

Marhoon: Nlidhani umechoka.

Harub: Usukani, Marhoon. Usukani wenyewe siku hizi unanishinda... [mkwaruzo]

Marhoon: Haya. Haya, sheikh wangu, nimesikia. Basi ndo maana nnasema mpira. Unaipandisha bastola juu, hata risasi haina, mtoto wako anakuona, anafurahi, khalas.

Harub: Mpira hautonisaidia. Nshajaribu. Nimeuviringishia mpini uliopasuka kipande cha mpira wa baiskeli, nikasimama mbele ya kioo. Mahbuba shahidi. Bastola ikacheza razha peke yake.

Marhoon: Sasa?

Harub: Chukua mbao. Na Alkhamisi usimame kulia kwangu. Karibu.

Marhoon: Karibu kiasi gani?

Harub: Kiasi cha kunipiga kikumbo. Nikipandisha mkono, na weye pandisha wako, unishike hapa kwenye kiwiko, kama tunashangilia pamoja. Watu waone wazee wawili furaha imewapanda kichwani.

Marhoon: Taimur ataniita ng'ombe tena.

Harub: Akuite. Mwenzio nshakuita zaidi ya hayo.

Marhoon: Fundi! Fundi, usifunge! Mbao! Tunachukua mbao! ...Haya, anaufunga kwenye gazeti. Kanuna, lakini anafunga.

Harub: Ukitoka hapo usende kwako. Pita kwangu moja kwa moja.

Marhoon: Nikuletee mpini.

Harub: Uje ule! Kuna wali na mchuzi wa papa. Mpigie na Mastura, aje apitie mlango wa uani, Mahbuba kamkumbuka mpaka basi.

Marhoon: Leo hamna "bwana kalala"?

Harub: Bwana kaamka. Lakini nnakwambia mapema, Marhoon: nnakula kwa kijiko. Na wali mwingine unaishia kwenye kanzu. Ukicheka nnakutoa na mkono wako mchafu vilevile.

Marhoon: Simu inanizimikia... Harub, na mie niwekee kij—

Harub: Haloo? Marhoon? ...Haloo? ...Mahbuba! Toa sinia kubwa, anakuja mtu. Vijiko viwili. Na huo mlango uuache wazi.