Fundi Ng'ambo, Mchora Mabango, na Dawa Moja Yenye Majina Mawili

Wasifu huu umechapwa kwa herufi kubwa kuliko kawaida. Mchapaji alilalamika kwamba zitamaliza karatasi. Mjane akamwambia na ziishe. Mume wake ameponzwa na herufi ndogo, na familia haioni sababu ya kumsindikiza nazo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa tatu wa seremala mmoja mpole na mama aliyefua nguo za watu, ambaye upole hakuujua. Marehemu aliwarithi wote wawili: mpole kwa watu, mkali kwa kazi.

Alianza shule mwaka 1966. Alikalishwa nyuma kabisa, ubao anauona kwa taabu, akakata shauri kwamba mwandiko usioonekana si mwandiko. Yeye akawa anaandika herufi kama matofali. Daftari la muhula mzima lilimwishia katika wiki mbili, akacharazwa, akapewa jingine, nalo akalimaliza vilevile. Alipohitimu darasa la saba alimfuata mjomba wake, mchora mabango, akaanza kwa kuosha brashi na kukoroga rangi.

Mwaka 1979 alijitegemea, akapanga chumba pembeni ya fundi baiskeli. Kila akimaliza bango alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akainamisha kichwa na kulisoma kwa sauti. Herufi moja ikimsumbua, alirudi akapanda ngazi upya, hata kama mwenye duka alisharidhika. Ndipo watu wakamwita Fundi Ng'ambo. Siku moja mwalimu mkuu alitaka kibao cha shule kibebe jina, sanduku la posta, simu, kaulimbiu, dira na dhamira. Marehemu akamtazama, akakitazama kibao. “Mwalimu,” akasema, “ukitaka yote hayo, nijengee ukuta.”

Mke wake alimpata kazini. Mwaka 1984 alichora bango la duka la ushonaji, kisha akaonekana ng'ambo ya barabara asubuhi, mchana na jioni. Mshonaji akachoka, akatoka mlangoni na futi yake shingoni.

“Fundi, unaangalia bango au unaniangalia mimi?”

“Bango nililimaliza juzi, dada.”

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na hawakuachana hadi wiki hii.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Tusikilizane vizuri hapa, kwa sababu tangu msiba uingie tumekuwa tukisikia minong'ono: mzee alizidisha dawa mwenyewe, mzee hakuwa makini, labda hakujua kusoma. Mtu aliyewasomesha nyinyi nyote majina ya mitaa yenu! Tunakataa. Marehemu alimeza dawa zake kwa miaka tisa kama alivyoagizwa, asubuhi na jioni, kabla ya kula, na miwani puani.

Mwezi uliopita dawa iliisha hospitali, akaambiwa akanunue nje. Duka la dawa likampa kisanduku chenye jina la kibiashara kwa herufi nyekundu kubwa. Jina la dawa yenyewe lilikuwa chini yake, dogo kama mayai ya chawa, na duka likalifunika kwa kibandiko chake. Baada ya siku chache dawa ikapatikana tena hospitali. Akapewa vidonge visivyofanana na vya kisanduku wala vya zamani, vilivyohesabiwa kutoka kwenye kopo, ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku, basi. Hakuna jina wala onyo.

Na alimuuliza mtoa dawa, palepale dirishani. Mjane alikuwa pembeni yake, alisikia kwa masikio yake.

“Mwanangu, hii na ile ya kwenye kisanduku, nimeze zote?”

“Mzee, imeandikwa hapo. Anayefuata!”

Basi akameza zote mbili, kwa sababu alikuwa mtiifu, na kwa sababu majina mawili kwa mtu yeyote mwenye akili ni dawa mbili. Ijumaa tarehe 14 Machi alianza kutetemeka na kutoka jasho akiwa juu ya ngazi, akashushwa na fundi baiskeli. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa imeshuka mno, naye hajitambui. Muuguzi wa wodini, Mungu ambariki, aliomba kuona dawa zake zote, akabandua kile kibandiko kwa kucha.

“Mama, hii na hii ni dawa moja.”

“Moja vipi, na majina ni mawili?”

“Jina la dawa ni hili hapa chini.”

“Hapa chini wapi?” mjane akauliza, na muuguzi ikambidi amwonyeshe kwa ncha ya kalamu.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 17 Machi 2025, alfajiri, bila kuzinduka. Hatukuja hapa kusema ni mapenzi tu ya Mungu. Mungu hakubandika kile kibandiko.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, dada yake mdogo, na bango la kinyozi lililofika nusu. Mjane naye anatumia dawa za shinikizo la damu, na tarehe yake ya kuzichukua ilikuwa Jumatano wiki hii. Tulimwambia apumzike, tutamtuma mtu. Akavaa viatu akaenda mwenyewe, kwenye dirisha lilelile, akapewa bahasha ya kaki kama ile. Akauliza ni dawa gani. Akaambiwa imeandikwa.

“Hata mume wangu aliambiwa hivyo,” akasema, “na tunamzika Jumamosi.”

Akairudisha bahasha dirishani. “Andika jina lake, na namna ya kumeza. Kwa maneno.”

Mtoa dawa akaandika. Mjane akamwomba mama aliyekuwa nyuma yake aishike ile bahasha juu, naye akavuka korido mpaka ukuta wa pili, akageuka, akainamisha kichwa.

“Sijaona,” akasema. “Ongeza.”

Na herufi ziliongezwa ukubwa, mpaka akaisoma kwa sauti kutoka kule aliposimama.

Fundi wetu apumzike kwa amani. Sisi tukifika nyumbani, tutoe dawa zetu kabatini tuzisome majina, na tusioelewa turudi tukaulize.