Mwonja Maji wa Lango la Hetalbunia

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nyumbani kwenu, na kwenye matuta pia, kwa wale mnaotusikiliza mkiwa mmeshika majembe. Leo tunamkumbuka Kusumbala Gayen wa kijiji cha Hetalbunia. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mitatu. Wengi mlimwita Mashi, yaani mama mdogo. Hata waliomzidi umri walimwita Mashi.

Kusumbala alikuwa mwonja maji wa lango la Hetalbunia. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja. Lango lile ni la chuma, limejengwa ndani ya tuta la kuzuia mto, na ndilo linaloamua kama maji ya mto yataingia kwenye mfereji wa kijiji au yatabaki nje. Maji ya mto yakiwa matamu, lango hufunguliwa. Yakiwa ya chumvi, hufungwa. Mwenye kujua yakoje ni mwonja maji.

Aliolewa Hetalbunia akiwa na miaka kumi na sita. Mumewe, Nogen, ndiye aliyekuwa na kazi hiyo kwanza. Mkono wa chuma wa kuzungushia lango ulilala chini ya kitanda chao. Nogen alipofariki kwa homa, watu walikuja kuuchukua ule mkono. Kusumbala alikuwa amekaa mlangoni na sari nyeupe ya ujane.

"Mnampelekea nani?" aliuliza.

 Walikuwa hawajafikiria.

"Basi uacheni kwanza. Kesho maji yakianza kupanda nitakwenda mimi. Mtu mkimpata, mniambie."

Hawakumpata. Au hawakumtafuta.

Njia yake ya kazi ilikuwa moja. Alionja mara mbili. Mara ya kwanza maji yakianza kupanda, mara ya pili yakifika nusu ya nguzo ya lango. Alichota kwa kiganja, akayazungusha mdomoni, akayatema, akatulia kidogo. Kisha alisema neno moja: "Tamu," au "Chumvi." Akisema tamu mara zote mbili, Bidhan mwanawe alizungusha mkono wa chuma. Kusumbala mwenyewe alisimama pembeni na kumwomba Mungu maji yaingie kwa heri. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Bidhan anasema mama yake alisali kama mtu anayemwagiza jirani kitu dukani. Alitaja anachotaka, akashukuru, akaondoka.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuseme habari ya amloki. Mkubwa na mdogo wa huku anaijua. Wengi mmeisikia kwa kuchekwa. Leo isikieni yote, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka ifichwe.

Ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, mwezi wa Agrahayan, kama sasa. Mpunga wa mvua ulikuwa umeshavunwa. Watu walikuwa wametia vitalu vya mpunga wa kiangazi na wamepanda matikiti maji. Mnajua mwezi huu ulivyo. Mto bado una utamu, lakini chumvi iko njiani. Kijiji hujaza mfereji kwa mara ya mwisho, lango linafungwa, na maji hayo ndiyo ya kuwavusha hadi mvua zirudi.

Kusumbala alikuwa na kikohozi. Malati, mkwewe, mke wa Bidhan, alimpa amloki. Ni dawa nzuri ya kikohozi. Tunda dogo la kijani, chachu hadi macho yanafumba. Kusumbala alitafuna moja nyumbani, na nyingine akiwa tutani. Akaonja maji yakianza kupanda. "Tamu." Akatafuna nyingine. Akaonja maji yakifika nusu ya nguzo. "Tamu."

Lango likafunguliwa. Mfereji ukajaa hadi ukingoni.

Siku ya tatu Malati alipika dengu kwa maji ya mfereji. Bidhan alionja, akasema, "Leo umezidisha."

"Nimezidisha nini? Chumvi sijatia hata chembe," alisema Malati. "Labda dengu ya leo imejitia yenyewe."

Walicheka.  Kusumbala aliacha sahani yake, akatoka hadi kwenye mfereji, akaonja. Maji yalikuwa ya chumvi.

Kesho yake vitalu vilianza kuungua ncha. Baada ya siku mbili majani ya matikiti yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Nyumba arobaini zilitegemea mfereji ule. Nyumba arobaini.

Watu walimwendea. Hawakwenda kwa ubaya. Walikwenda kuuliza. Kusumbala aliwaambia alichokiamini: "Maji yalikuwa matamu. Nimeonja mara mbili. Naapa kwa Mungu, yalikuwa matamu."

Hapo ndipo alipoingia Tofazzel. Tofazzel alikodi mashamba na kuyageuza mabwawa ya kufugia kamba. Kamba wanataka maji ya chumvi. Hakuwa mtu wa matusi. Alikunywa chai na watu, akawaeleza kwa upole.

"Mashi hasemi uongo," alisema. "Amesema maji yalikuwa matamu, basi yalikuwa matamu. Maana yake nini? Maana yake mto umebadilika. Chumvi sasa inakuja katikati ya maji kujaa, bila hodi. Lango litawasaidia nini? Mtafungua kwa maji matamu, mtafungia chumvi ndani. Mwaka huu, mwaka ujao, kila mwaka. Mpunga wa kiangazi umekwisha, ndugu zangu. Nikodishieni mimi."

Maneno hayo yaliingia. Watu walikuwa na vitalu vilivyokufa mbele ya macho yao. Mkutano ukapangwa Ijumaa, baada ya sala, kwenye kibaraza cha shule. Anayetaka kukodisha atatia dole gumba kwenye karatasi ya mkataba. Na shamba likishakaa na chumvi miaka kadhaa, hata jirani aliyekataa analimia nini? Maji ya bwawa la kamba hayajui mpaka.

Alhamisi asubuhi kikohozi cha Kusumbala kilirudi. Malati alimpa amloki. Alitafuna, kisha akainua birika la maji, akanywa. Akaliweka chini taratibu.

"Malati."

"Naam, mama."

"Haya maji umetia sukari?"

"Sukari ya nini, mama? Si amloki hiyo. Ukishaitafuna hata maji ya mtaroni..."

Hakumaliza. Malati mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya, juzi, akiwa amekaa uani.  Hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba maji baada ya amloki huwa matamu. Watoto wa shule huichezea. Na mwonja maji wa miaka kumi na saba kazini hakuikumbuka.

"Nilimshika miguu," Malati alisema. "Nikamwambia, mama, nyamaza. Wanajua mto umebadilika, waache wajue hivyo. Ukisema, watatutoa macho. Vitalu vyetu navyo vimekufa, si tumeumia sawa nao?  Alikwenda kukaa karibu na mtulsi wake, ule mmea wa kusalia, pale uani, akakaa mpaka jua likawa kichwani. Aliporudi aliniuliza kama amloki zimebaki."

Ijumaa kibaraza cha shule kilijaa. Karatasi zilikuwa mezani. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshatia dole. Aliyefuata alikuwa Mohsin Dhali, mkulima wa matikiti, na dole lake lilikuwa limeshapakwa wino.

"Mohsin, ngoja," alisema Kusumbala.

"Mashi, nimengoja vya kutosha. Mke wangu hajalala tangu juzi."

"Mto haukukosea. Nimekosea mimi. Maji yalikuwa ya chumvi tangu mwanzo. Nilikuwa natafuna amloki."

Mohsin anasema mzee mmoja nyuma aliuliza, "Nini?"

"Amloki, baba. Kwa kikohozi."

Yule mzee alianza kucheka. Alicheka hadi akapaliwa. Wengine hawakucheka. Hasina, mke wa Mohsin, alisimama na kumnyooshea kidole.

"Mashina yangu mia mbili, Mashi! Mia mbili! Nimeyamwagilia kwa mikono hii, wewe unanimalizia kwa kutafuna?"

"Ndiyo, Hasina."

"Ndiyo tu?"

"Nikuongezee nini, mwanangu? Ndiyo."

Tofazzel akatabasamu. "Mashi, ulimi wako umestaafu bila kukuaga. Na mnasikia wenyewe. Lango lenu limekabidhiwa mtu anayedanganywa na tunda. Si bora mniachie tu?"

"Ulimi umestaafu, sawa," alisema Kusumbala. "Lakini ulisema chumvi inakuja bila hodi. Si kweli. Ilipiga hodi mara mbili, mimi ndiye niliyekuwa na kelele mdomoni. Msiuze mpunga wa watoto wenu kwa kosa langu. Kwa kosa langu, nitoeni mimi."

Mohsin alitaka ushahidi. Kusumbala alifungua fundo la sari yake, akatoa amloki. Mtu alikwenda kuchota maji ya mfereji kwa bilauri. Mohsin alionja, akakunja uso. Chumvi. Akatafuna tunda, akaonja tena.

"Lahaula," alisema. "Tamu."

Bilauri ikazunguka. Amloki zikazunguka. Wakaonja wanaume, wakaonja wanawake, akaonja hata mwalimu mkuu. Mohsin akafuta dole lake kwenye lungi aliyojifunga kiunoni. Ile lungi anayo hadi leo, na wino haujatoka.

Wasikilizaji wapendwa, sitawaambia kwamba yote yaliishia vizuri siku ile. Wale kumi na mmoja walikuwa wameshatia dole, na mashamba yao ya upande wa kusini ni mabwawa mpaka sasa. Nyumba ishirini na tisa zilikataa. Kusumbala alinyang'anywa mkono wa chuma. Walikwenda kuuchukua jioni ileile, na Bidhan akawatolea mwenyewe chini ya kitanda. Alikaa bila mkono huo miaka mitatu kabla ya kurudishiwa. Hasina hakumsemesha mwaka mzima. Kusumbala alibeba maji ya kisima cha shule, mitungi miwili asubuhi na miwili alasiri, akamwagilia mashina machache ya Hasina yaliyokuwa hayajafa. Hakuombwa. Hakushukuriwa pia. Tikiti la kwanza lilipoiva, Hasina aliweka nusu yake kwenye kizingiti cha Kusumbala, akaondoka bila kubisha.

Lakini jambo moja lilibadilika siku ile, na ndilo tulilonalo. Ndimi mbili. Tangu siku ile lango la Hetalbunia halifunguliwi kwa ulimi mmoja. Wanaonja watu wawili kutoka nyumba mbili, kabla hawajala wala kunywa kitu chochote. Wakikubaliana, lango hufunguliwa. Wakitofautiana, hubaki limefungwa. Kusumbala ndiye aliyependekeza. Na asubuhi iliyofuata ndiye aliyefika wa kwanza, ameshapiga mswaki kwa kijiti cha mwarobaini, anamsubiri Mohsin.

"Mashi, wewe si tumekutoa?" Mohsin alimuuliza.

"Mmenitoa kwenye mkono wa chuma. Ulimi mmeniachia. Onja."

Miaka minane iliyopita tuliletewa kipimo cha umeme cha kupimia chumvi. Kusumbala alikitazama, akaonja maji, akataja chumvi ni ya kiasi gani, kisha akamwambia kijana wa mradi asome. Vilikubaliana. "Kizuri," alisema. "Nacho hakikohoi." Kipimo kile kilifanya kazi misimu miwili, betri zikaoza.

Sasa nimefika kwenye siku hizi. Kusumbala alifariki Jumatatu. Bidhan na Malati wako kwenye siku za maombolezo. Mnajua desturi ya nyumba ile. Hawali samaki, hawali vitunguu, hawatii chumvi. Wanakula wali mweupe mara moja kwa siku. Na mwezi ni Agrahayan. Mfereji unatakiwa kujazwa kwa mara ya mwisho. Vitalu viko kijani. Watu wa nyumba ishirini na tisa wamekuwa wakimuuliza Mohsin kila siku: lini?

Leo asubuhi Mohsin alikwenda langoni. Malati alikwenda kushika nafasi ya marehemu. Mohsin alionja maji yakianza kupanda. Akaonja tena yakiwa nusu ya nguzo.

"Tamu," alisema. "Binti, tufungue. Watu wamechoka kungoja."

Malati alionja. Akatema. Akaonja tena.

"Ami, mimi nasema chumvi."

"Wapi? Mimi siisikii."

"Hutaisikia. Jana usiku umekula samaki. Mimi sijagusa chumvi siku sita. Ipo, Ami. Ndogo, lakini ipo, na inakuja."

Mohsin alikuwa na mkono wa chuma begani. Nyuma yake walisimama watu kama ishirini na majembe, wamekuja kupokea maji. Mmoja alinung'unika kwamba mwaka huu chumvi imewahi mno. Mohsin aliwatazama, akamtazama Malati, akashuka tutani na mkono wake begani. Akapita katikati yao, na wao wakampisha.

Kwa Bidhan na Malati, kwa wajukuu, na kwa wote wa Hetalbunia, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mungu, aliye karibu na waliovunjika moyo, awafariji. Ampokee Kusumbala, na atusamehe sisi tuliomcheka. Na wewe unayetusikiliza, kaa kidogo leo na jiulize. Je, kuna jambo ambalo watu wanaulaumia mto, au mvua, au bahari, na wewe unajua kwamba ni mkono wako? Mungu anakusikia. Jirani yako naye anangoja.

Tangazo la Hetalbunia kwa leo ni hili. Ndimi zimetofautiana. Lango limefungwa. Wenye vitalu, mwagilieni kwa maji ya madimbwi, na msiyamalize. Kesho wataonja tena.