Eliudi Isaka Kibona, Mfugaji wa Anemoni wa Tunduma

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani wa mtaa wa Sogea na wote mliofika kumsindikiza kaka yangu, mimi ni Jofrey Kibona, mdogo wake anayemfuata, mkulima wa kahawa kule Mbebe, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii. Sehemu kubwa aliiandika marehemu mwenyewe, kwenye daftari lile lile alilokuwa akirekodi joto la maji na kiwango cha chumvi, akazipanga tarehe zote kama mtu wa vipimo alivyokuwa, isipokuwa mstari mmoja wa mwaka 2015 aliouacha wazi, pembeni akaandika kwamba Jofrey atajaza.

Marehemu Eliudi alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Mbebe, Ileje, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa marehemu Mzee Isaka Kibona na marehemu mama Loisi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mbebe kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na mwaka 1976 akajiunga na chuo cha ufundi mjini Mbeya, akahitimu mwaka 1978 akiwa fundi wa mafriji na mitambo ya baridi.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye ghala la samaki mjini Mtwara, na huko, maji ya bahari yakipwa, alikuwa akitembea juu ya miamba baada ya kazi, ndipo alipomwona anemoni kwa mara ya kwanza, kiumbe ambaye mwenye haraka atasema ni ua, kumbe ni mnyama mwenye mdomo na anayekula, ambaye samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hujificha katikati ya mikono yake bila kudhurika. Alituandikia barua nzima juu ya jambo hilo, baba akaisoma mara mbili, akauliza kama huyo mnyama analiwa.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Ikupa, ambaye wengi wenu hapa mnamwita Mama Sabuni, na wamejaliwa watoto watatu, Rozi, Anyitike na Fides, pamoja na wajukuu saba.

Mwaka 2009 aliacha kazi, akahamia hapa Tunduma na kufungua karakana ya mafriji, na mwaka 2012 akajenga sebuleni tangi la kioo la lita mia nne, akalijaza maji ya bahari yaliyoletwa kwa madumu na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya mia tisa. Fundi wa baridi akajikuta anapasha maji moto, maana Juni ya Tunduma mnaijua, akaweka betri mbili za lori kwa ajili ya siku umeme ukikatika, na mwaka 2013 akamleta anemoni wa aina ile ambayo huwashinda hata wazoefu, kwa sababu hataki mwanga upungue, hataki chumvi ibadilike, na akichukia hung'oka na kuhama. Wafanyabiashara wa Nakonde walivuka mpaka kuja kumtazama. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, kwamba maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo hujazwa maji ya mvua peke yake, kwa ndoo nyeupe isiyofanya kazi nyingine yoyote.

Hapa ndipo penye mstari ulio wazi, nao naomba niuruke kwanza, nitaurudia.

Anemoni wa pili alifika mwaka 2016, na ndiye mliyemkuta sebuleni. Novemba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Vwawa na baadaye Mbeya, ambako kila mgeni aliyeingia wodini aliulizwa habari za maji kabla ya kuulizwa habari za nyumbani, na siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Bwana alimtwaa, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka sitini na sita.

Sasa narudi nyuma. Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 2015 kaka alikuwa safarini, mimi nimetoka Mbebe na ndizi kwenye ndoo yangu, shemeji anafua uani, nikaona tangi limepungua na ndoo nyeupe sikuiona, basi nikamimina ndizi zangu sakafuni, nikakinga maji ya mvua kwa ndoo ile ile ninayokorogea mrututu, ile dawa ya shaba ya rangi ya bluu ya kupulizia kahawa, nikajaza. Niliisuuza, kwa macho ilikuwa safi. Baada ya siku mbili anemoni alisinyaa kama kitambaa cha kudekia, akafa, samaki wakabaki wazima, na kaka aliporudi akauliza nani alikuwa anafua karibu na tangi. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Shemeji akakatazwa kusogelea tangi, na jina la Mama Sabuni likaanzia kwenye utani wa ukoo, likatoka nje, likafika sokoni, nami nimelitumia pia.

Mwaka 2021, tulipomzika mama, kaka aliingia stoo yangu kutafuta jembe, akaiona ndoo ina ukingo wa bluu ndani, akaigeuza, akanitazama, akairudisha mahali pake bila neno, maana alijua kwamba sabuni ingeanza kwa kuua samaki, na kwamba mrututu kidogo tu humwacha samaki na kumuua anemoni. Alirudi Tunduma akamwomba mkewe msamaha, akamkabidhi ndoo nyeupe, lakini hakumtajia ni nani aliyekosea. Alinisubiri miaka minne, sikwenda, na ninaona aibu. Mstari wa mwaka 2015 naujaza mbele yenu, anemoni wa kwanza aliuawa na ndoo ya Jofrey, na shemeji, nisamehe, uitwe Mama Rozi kama ulivyostahili siku zote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa na Mbeya, mchungaji na kwaya, majirani wa Sogea, mafundi wenzake wa karakana, na madereva waliobeba maji ya bahari miaka yote hii bila kuuliza ya nini. Wa mwisho ni Mama Rozi, ambaye leo asubuhi aliinuka kwenye mkeka wa wafiwa, akapita katikati ya waombolezaji na ndoo nyeupe, akaenda kwenye tangi, akarudi kukaa. Kaka Eliudi, maji yako yamejazwa, pumzika kwa amani.