Mbegu Zilizoibwa kwa Sisimizi

Kwenye basi la kwenda mji wa Clanwilliam, Afrika Kusini, Elrina, mhitimu mpya wa chuo, alikuwa akipitia hotuba ya historia ya chai nyekundu ya rooibos atakayoisoma siku hiyo kwenye sherehe ya mavuno. Mbele yake wazee wawili wakaanza kubishana.

"Mbegu ya rooibos iligunduliwa na daktari," alisema mzee Barend. "Imeandikwa kwenye boksi la chai."

"Boksi limeijulia wapi milima inakoota?" alijibu Mama Drieka. "Bibi yangu aliwafuata sisimizi, akafukua ghala lao, akawaibia mbegu. Daktari alikuja kuzinunua tu."

"Kumbe ukoo wa wezi."

"Ndiyo, na wewe wizi wetu umeunywa miaka sabini hujatapika. Nataka bibi aandikwe."

Elrina akaikagua hotuba yake. Daktari alitajwa mara nne. Bibi hakuwemo, wala sisimizi. Basi likasimama, naye akashuka akitafuta kalamu.